Kuomba na Kulomba: Neno Moja, Nyumba Mbili

Twaanza na jambo lililotokea mbele ya macho yetu hapa Sakania. Jioni moja watu wa jumuiya yetu walikusanyika katika lupango la jirani ili kumkumbuka mgonjwa mbele ya Mungu. Kila mmoja alialikwa kutoa nia yake. Akasimama mama mmoja mzee, mtu wa kulima na kuuza mihogo, ambaye amejua Kilamba na Kibemba tangu utoto, na Kiswahili amekipata sokoni na kando ya reli. Akafumba macho, akaanza: "Mungu wetu, tunalomba..." Hakufika mbali. Kijana mmoja wa shule akasema kwa sauti ya kusikika: "Mama, si kulomba, ni kuomba!" Wengine wakacheka. Yule mama akanyamaza, akaketi. Tangu siku ile huja, hukaa, huitikia "Amina" pamoja na wengine, lakini neno lake mwenyewe halitoki tena.

Tulipotoka nje, maneno yakaendelea. Kijana akajitetea: "Kulomba ni Kibemba. Limeingia katika Kiswahili chetu na kukiharibu. Kiswahili safi ni cha Zanzibar." Bwana mmoja mwenye umri wa makamo akamzidi. Akasema hata kuomba halifai. "Kuomba ni neno la ombaomba wa stesheni. Mbele ya Mungu mtu husali, haombi."

Tumeyasikia maneno ya namna hiyo mara nyingi, nasi tumenyamaza mara nyingi. Leo hatunyamazi. Twasema wote wawili wamekosea: wa kwanza hajui neno limetoka wapi, wa pili hajui neno lina maana gani. Na makosa yao si mchezo wa wenye kalamu, kwa maana yamemfunga mama wa watu kinywa.

Labda mtu atauliza: kwa nini kugombana kwa ajili ya herufi moja? Twajibu kwamba mji wetu ni mji wa mpakani. Reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kwa njia hiyo walipita watu wa makabila mengi waliokwenda kutafuta kazi ya shaba. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusikika Katanga kabla ya hapo, kwa wafanya biashara waliotoka mashariki na kufika Bunkeya kwa mfalme Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Lakini ni katika kambi za wafanyakazi kilipokua na kuwa lugha ya nyumbani. Hapo Mluba, Mbemba na Mlamba walikutana, kila mmoja na maneno ya mama yake mdomoni. Basi mtu wa Sakania akiambiwa kila siku kwamba maneno yake ni mabovu, hatajifunza maneno bora. Atajifunza kunyamaza tu. Atanyamaza shuleni, atanyamaza mbele ya karani, na mwishoni atanyamaza mbele ya Mungu.

Tuanze na yule kijana. Ili aone vema, tumpeleke kwanza mbali na kwetu, mahali ambapo hana ugomvi na mtu. Wazee wa Sakania wanawakumbuka Mapadre Wasalesiani, ambao shirika lao lilifika Katanga mwaka 1911. Baadhi yao walikuwa Waflemi, nao walipokuwa peke yao walizungumza Kiholanzi, lugha ya kwao. Ubelgiji ina lugha tatu za serikali: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Kiholanzi na Kijerumani ni ndugu, kama Kibemba na Kilamba walivyo ndugu. Nao wana kitenzi kimoja wanachoshirikiana: Mholanzi husema bidden, Mjerumani husema bitten.

Ni neno moja. Tofauti ya sauti si ajali, wala si uvivu wa ulimi. Mahali ambapo Mholanzi ana d, Mjerumani mara nyingi ana t. Siku ni dag kwa Mholanzi, ni Tag kwa Mjerumani. Kunywa ni drinken kwa huyu, ni trinken kwa yule. Binti ni dochter huku, ni Tochter kule. Basi bidden na bitten hufuata njia ile ile. Mholanzi hakuiba kwa Mjerumani akasahau kutamka, wala Mjerumani hakukopa kwa Mholanzi akakosea. Wote wawili wamerithi kwa mama mmoja aliyekufa zamani. Katika karne ya 4 Askofu Wulfila aliwatafsiria Wagoti Biblia. Wagoti walikuwa jamaa za watu hao, nao walisema bidjan. Katika kitabu hicho neno hilo hilo latumika kwa mtu anayemwomba mwenzake na kwa mtu anayemwomba Mungu. Wenye elimu ya maneno wengi hulihusisha pia na neno la Waairishi la kusali, maana yake mzizi wenyewe ni wa kale kuliko mataifa hayo yote.

Sasa tazama maana. Mama yao alikuwa na neno moja kwa mambo mawili, kuomba kwa mtu na kuomba kwa Mungu. Watoto wakagawana urithi. Kwa Mjerumani, bitten limebaki kuomba kwa mtu, na bitte ndilo neno lake la adabu kila siku, kama sisi tusemavyo "tafadhali". Kwa kumwomba Mungu amejitengenezea kutoka katika jamaa ile ile neno la pili, beten. Kwa Mholanzi mambo yamekwenda kinyume: bidden limebaki kwa Mungu hasa, na kwa watu siku hizi hutumia neno jingine, vragen. Ushahidi uko katika Biblia zao. Luther alipolitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, pale katika sura ya 7 ya Mathayo Bwana anapotuagiza kuomba ili tupewe, aliandika kwa neno bitten. Waholanzi katika tafsiri yao ya mwaka 1637 waliandika kwa neno bidden. Lakini katika tafsiri mpya ya Kiholanzi ya mwaka 2004, bidden limeondolewa mahali pale, limewekwa vragen, kwa kuwa siku hizi msomaji Mholanzi akisikia bidden hufikiri sala tu.

Neno hilo limetembea hata mbali zaidi. Yuko ndege mdogo wa jamii ya kipanga ambaye husimama hewani mahali pamoja, akipiga mabawa, macho yakitazama chini. Mholanzi humwona akasema ndege huyo "anabidden", yaani anasali. Na Waingereza, jamaa zao wa ng'ambo, walikuwa zamani na neno la namna hiyo hiyo lenye maana ya sala. Walipozoea kuhesabu sala zao kwa punje za rozari, neno likahama kutoka kwa sala likaenda kwa punje. Leo Mwingereza akisema bead anasema ushanga, wala hakumbuki kwamba babu zake walikuwa wakisema sala.

Je, umesikia Mholanzi akimcheka bibi yake Mjerumani kwamba anaharibu bidden? Au mwalimu Mjerumani akisema kwamba bidden ni bitten lililooza? Wanajua kwamba ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja hawafanani sura yote, na hakuna aliye nakala mbaya ya mwenzake.

Turudi nyumbani. Mambo yetu ni hayo hayo. Tunaosema omba na wanaosema lomba tumerithi kwa mama mmoja. Mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek alianza kuchapa kitabu cha kulinganisha lugha zetu, naye ndiye aliyelifanya jina "Bantu" lijulikane kati ya wataalamu. Mwaka 1899 mchungaji wa Kijerumani, Carl Meinhof, alitoa kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akionyesha kwamba sauti hizo hubadilika kwa sheria. Baadaye Mflemi A. E. Meeussen, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, alikusanya mwaka 1969 mizizi ya zamani ya lugha hizo. Tazama jambo la ajabu: watu waliozaliwa katika nyumba za bitten na bidden ndio waliochimba asili ya lomba letu. Na mzizi waliouchimba una konsonanti mwanzoni, ambayo wengine huiandika l na wengine d. Hauanzi na o.

Basi sheria ni hii. Watu wa pwani, katika maneno mengi, waliiacha l iliyokaa kati ya vokali mbili. Watu wa bara hawakuiacha. Msomaji anayejua Kibemba aweke maneno haya kando kando, aone mwenyewe. Mbemba husema ukulota, mtu wa pwani kuota. Mbemba husema ukulila, mtu wa pwani kulia. Ukupola ni kupoa. Ukukula, yaani kuongezeka kimo, ni kukua. Ukutwala ni kutwaa. Ukwikala ni kukaa, na hapa Katanga tunasema kuikala bila kujua kwamba tunabeba sauti ya kale. Na katika msafara huo huo anakuja ukulomba, na mtu wa pwani husema kuomba. Si Kibemba peke yake. Walamba wanasema lomba, Waluba wanasema lomba, na Wasukuma, huko mbali karibu na ziwa Nyanza, wanasema lomba vilevile. Je, wote hao walikutana usiku wakapatana kukiharibu Kiswahili?

Kijana wetu atasema: "Hayo ni ya wataalamu. Kiswahili chenyewe hakionyeshi l yoyote." Kinaonyesha. Muulize atwambie d ya ndoto imetoka wapi. Mtu anaota, lakini anachokiota ni ndoto. Ni kwa sababu l ikifuata n hugeuka d, kama ulimi mmoja unavyokuwa ndimi mbili. Mtu wa pwani aliipoteza l katika kuota, lakini ndani ya ndoto n iliishika, isianguke. Tena, kitu kikikaa, hukaliwa. Kikitwaliwa, kimetwaliwa na aliyekitwaa. L hiyo iliyojitokeza ghafula ilikuwa wapi? Ilikuwa imejificha. Kiswahili cha Zanzibar chenyewe, ambacho kijana anakitaja kama hakimu, kinamshuhudia yule mama.

Kwa hiyo kulomba si kuomba lililovunjika. Ukitaka kusema ni nani aliyekaa karibu zaidi na sura ya zamani, ni yule mama wa mihogo. Lakini hatutaki kugeuza fimbo upande wa pili. Wako na wenye kiburi cha kinyume, wasemao kwamba Kiswahili cha pwani ndicho kilichopotoka na sisi ndio safi. Huo nao ni upuuzi. Mtu wa pwani hakuharibu kitu. Alikwenda njia yake, kwa sheria, kama Mjerumani alivyokwenda yake. Wala si kila l iliyoanguka: kulima na kulala ni yale yale kwao na kwetu. Tunachokataa ni kusema kwamba neno la ndugu wawili lina mwenyewe mmoja, na yule wa pili ni mwizi.

Na hapa yatupasa kukubali jambo moja la haki. Mwalimu hufundisha kuomba, naye hafanyi vibaya. Kiswahili cha vitabu kilijengwa juu ya lugha ya Zanzibar. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi hiyo mwaka 1930, na faida yake ni kubwa, kwa maana leo mtu wa Sakania husoma kitabu kilichochapwa Dar es Salaam au Nairobi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Mtoto akiandika mtihani, aandike kuomba. Akiandika barua ya kazi, aandike kuomba. Hatupingi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mwalimu anayemwongezea mtoto neno la pili, na mtu anayemnyang'anya mama neno lake la kwanza. Wa kwanza anatajirisha. Wa pili anafukarisha, kisha anajisifu kwamba ameelimisha.

Sasa tumgeukie yule bwana, aliyesema kwamba kuomba ni neno la ombaomba. Kwa upande mmoja amesema kweli. Katika Kiswahili, mwombaji wa barabarani na mwombaji wa kanisani wana jina moja. Hata huko Ulaya ni hivyo: bedelen la Kiholanzi na betteln la Kijerumani, ambayo maana yake ni kuombaomba, wataalamu huyaweka katika ukoo ule ule wa bidden na bitten. Mfaransa naye ana prier, na kwa neno hilo humwomba jirani na humwomba Mungu. Basi bwana huyu atawaambia mataifa hayo yote wafute maneno yao?

Atasema: "Lakini tunalo kusali." Ndiyo, tunalo, nasi twalipenda. Lilitoka kwa Waarabu, likapita pwani, likaja kwetu, na leo ni letu kabisa. Tumelitumia hata katika maandishi haya. Lakini kusali na kuomba hayafanyi kazi moja. Mtu akisema "nakwenda kusali", twajua anakwenda kanisani, au anafanya ibada yake. Akisema "naomba", twamwuliza mara moja: unaomba nini, nani akupe, na kwa ajili ya nani? Kuomba kuna mikono miwili, mmoja mtupu na mmoja unaotazamiwa. Neno hilo linakiri uhitaji. Je, mwanadamu mbele ya Mungu si mhitaji? Tukiliondoa neno hilo kwa sababu linanuka umaskini, tutabaki na ibada ya watu wanaojiona wameshiba.

Tena kuna tawi la kuomba ambalo bwana huyu hakulitazama, nalo ni kuombea. Kwa herufi chache tu neno linageuka kutoka kwangu likaenda kwa mwenzangu. Katika Salamu Maria hatumwambii Mama wa Mungu atusalie, twamwambia atuombee. Wahenga wa pwani walilijua tawi hilo waliposema: mwomba chumvi huombea chungu chake. Anayesimama mlangoni kwa jirani akiwa na kibakuli haoni aibu, kwa kuwa amebeba njaa ya nyumba nzima. Nasi wa Sakania twajua desturi hiyo. Jirani asiyeomba chumvi kamwe si lazima awe tajiri. Mara nyingi ni mtu asiyetaka na wewe umwombe. Kuomba ni mlango unaofunguka pande mbili.

Waluba wamelishika jambo hili vizuri. Kwao kulomba ni kuomba kwa mtu, na kutoka katika kitenzi hicho wameunda milombelo, yaani sala. Wabemba wamefanya kama Wajerumani, wakatenga: ukulomba kwa kitu unachokitaka, na ukupepa kwa kumwabudu Mungu. Njia zote mbili ni njema. Hakuna taifa lililokosa heshima kwa Mungu kwa sababu ya kuchagua hii au ile. Lakini yule mama, aliposema "tunalomba" katika Kiswahili chake, alikuwa ameunganisha mambo mawili ambayo mama wa lugha zetu hakuyatenga. Alikuwa akimwambia Mungu: tuna mgonjwa, hatuna uwezo, tupe. Hakuna sala iliyo safi kuliko hiyo, na aliyeikata katikati amekata zaidi ya herufi.

Basi tunashauri nini? Kwanza, walimu wawaambie watoto ukweli wote. Wakifundisha kuomba, waseme pia kwamba kulomba ni ndugu yake, tena wawape watoto kazi ya kuweka maneno ya nyumbani karibu na maneno ya kitabu na kuitafuta sheria. Mtoto atakayegundua mwenyewe kwamba ndoto imetunza sauti ya bibi yake, hatamcheka bibi yake tena. Pili, wenye kuongoza jumuiya wasiruhusu mtu asahihishwe wakati anaomba. Ukiona kosa, ngoja. Na ukiisha kungoja, jiulize kama ni kosa kweli. Tatu, wazee wasikubali kuaibishwa. Hawakuiokota lugha yao jalalani. Wameirithi, na vitabu vya wasomi wenyewe vinawapa haki.

Yule kijana tumekwisha kumweleza hayo kwa upole, naye ni kijana mwema. Alisikiliza, akacheka kidogo, akauliza maneno mengine ya Kibemba ili ayajaribu. Yule bwana bado anabishana nasi, naye aendelee, kwa maana ubishi wa haki hauui mtu. Lakini deni halijalipwa. Deni ni kwa yule mama, ambaye kila jioni ya jumuiya huketi mwisho wa benchi na kuitikia "Amina" kwa maombi ya wengine.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Juma lijalo zamu ya kuongoza sala ni yetu. Tumekubaliana kwamba hatutaanza sisi. Tutamgeukia yeye, na kumwambia mbele ya wote: "Mama, utulombee."